Nchi ina uhaba wa maji? Nani kapima, na kapimaje?

Ripoti nyingi za maji lazima zikutajie ile namba, mita za ujazo 1,000 kwa mtu kwa mwaka, nchi ikishuka chini ya hapo inaambiwa ina uhaba, chini ya 500 ndo hali mbaya kabisa. Kipimo kilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mtaalamu wa Sweden, Malin Falkenmark, na kinapendwa kwa sababu ni rahisi mno: chukua maji yanayojazwa upya na mvua, ya mito na ya chini ya ardhi, gawa kwa idadi ya watu, kazi imeisha.

Sasa hesabu hiyo haijui bomba liko wapi. Kongo Kinshasa kwa kipimo hiki ni tajiri wa kutupwa, mto wake kwa wingi wa maji unapitwa na Amazon tu, afu mamilioni ya watu wake hawana maji safi. Kuwait haina hata mto mmoja wa kudumu, kwenye jedwali iko mkiani, lakini mtu anafungua bomba maji yanatoka, sababu wanaondoa chumvi kwenye maji ya bahari kwa hela ya mafuta. Hapo mwenye uhaba nani?

Na huo wastani wa mwaka ndo unanichosha zaidi. Mvua inaweza kunyesha yote ndani ya miezi mitatu, ikabomoa madaraja ikaishia baharini, miezi iliyobaki visima vikakauka, na kwenye karatasi nchi bado ina maji tele.

Kipimo cha Umoja wa Mataifa ni afadhali kidogo, kinaangalia nchi inachota asilimia ngapi ya maji yake baada ya kuiachia mito fungu lake, ikifika 25 inahesabika imeanza kubanwa. Ila nacho kina mtego wake, nchi isiyo na pampu wala mabwawa inachota kidogo, kwa hiyo inaonekana iko poa kabisa! Yaani umaskini unasomeka kama neema.

Mi ukiniambia nchi fulani haina maji nitakuuliza mwezi gani, bonde la mto gani, na anayechota ni nani. Kilimo peke yake kinakula kama asilimia 70 ya maji yanayochotwa duniani, so serikali inayohimiza watu wafunge bomba wakati wa kupiga mswaki huku mashamba makubwa yanamwagiliwa saa saba mchana, jua la utosi, mi siiamini hata ikija na namba yake.