Nilifuga samaki wa Tanganyika porini

Mzee mmoja wa Katonga, aliyevua migebuka miaka na miaka kabla ya kuwaachia wanawe mtumbwi, alipita kwangu Mwanga, hapa Kigoma, kuleta kadi ya harusi. Alipokwisha kunywa maji aligeuza kiti, akalitazama tangi langu la samaki kimya kwa muda, kisha akauliza: "Mwanangu, kwani hawa samaki wanakaa porini?"

Nilicheka, lakini swali lilinibaki. Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50, lita 270 likijaa pomoni. Ndani yake nilikuwa nimepanda msitu: gogo jeusi katikati, majani mekundu nyuma, na mbele nyasi fupi zilizotakiwa ziwe kama zulia, zikawa kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Na wale samaki wangu, Julidochromis, ni wa nyufa za mawe. Walikuwa wamejibanza nyuma ya filta kwa sababu ndiyo iliyokuwa na upenyo pekee humo ndani. Mgeni akija naonyesha majani.

Mtindo niliouiga ulienezwa duniani na Takashi Amano, mpiga picha wa Japani aliyefariki mwaka 2015. Bado nampenda. Ukizitazama picha zake vizuri unaona jinsi alivyojua kuacha mahali patupu. Sisi tunaomwiga tunabeba mimea yake yote, ule utupu tunauacha kwenye picha.

Halafu kuna maji. Ya kwangu ni ya ziwa, na Ziwa Tanganyika lina madini mengi na pH (kipimo cha uchachu wa maji; ikipanda, uchachu umepungua) inayokaribia 9. Ile mimea ya zulia inapenda maji laini, yaani yenye madini machache na uchachu kiasi, na hewa ukaa ya kupulizwa kutoka kwenye mtungi. Hewa ukaa ikiingia, pH inashuka. Umeme ukikatika vali ya mtungi inafunga, pH inapanda tena. Samaki anayeyumbishwa hivyo mchana na usiku hawezi kuwa na raha. Gogo nalo linatoa rangi, maji yanakuwa chai ya rangi. Kwa kifupi, nilikuwa nalipa bili ya maji, kisha nanunua vitu vya kupigana na maji hayohayo.

Ndiyo maana nasema, na wenzangu wafugaji wanune wakitaka: anayeishi Kigoma akipanga tangi kwa kuiga mto wa Amazoni anajitafutia kazi. Kielelezo kiko mwisho wa barabara. Jipeleke penye mawe siku ziwa limetulia, inama utazame chini: mawe yamelaliana, katikati giza, kando yake mchanga mtupu mweupe, na samaki wanaingia na kutoka. Basi.

Kubomoa nilibomoa vibaya. Nilivuruga ule udongo wa mimea huku samaki wamo, na siku hiyohiyo nikaisuuza sponji ya filta kwa maji ya bomba mpaka ikang'aa. Klorini ikaua bakteria wanaokula uchafu, udongo ukatoa uozo wa mwaka mzima, na amonia, sumu inayotokana na uchafu huo, ikapanda. Kwenye maji yenye pH ya juu kama yetu amonia ni kali zaidi kuliko kwenye maji laini. Samaki watatu walikufa kabla ya asubuhi. Nimejifunza: samaki wahamie kwenye beseni kwanza, na sponji ikamuliwe ndani ya maji ya tangi lenyewe, tena si wiki unayopanga upya.

Mawe nilichagua kwenye rundo la mawe ya kujengea. Msiende kuokota Gombe, ile ni hifadhi ya taifa. Wenye maji laini hudondoshea jiwe siki, likitoa povu, dalili ya chokaa, wanalitupa. Mimi likitoa povu nalipokea, chokaa haiwasumbui samaki wa ziwa hili. Niliyakalisha kwenye kioo chenyewe kabla ya kumwaga mchanga. Ukianza na mchanga, samaki wanachimba chini ya jiwe, siku moja linalala na kioo kinapasuka. Rundo nililiweka sentimita kama 40 kutoka ukuta wa kushoto, sikuliweka katikati. Katikati jicho linafika na kusimama hapohapo.

Mimea? Ipo. Ziwani kwenyewe, kwenye ghuba zilizotulia, kuna Vallisneria, zile nyasi ndefu kama utepe. Inaweza kujipatia kaboni kutoka kwenye madini ya maji yetu, haihitaji mtungi. Majani yake yaliyeyuka wiki mbili za kwanza, nikadhani imekufa; mizizi ikatoa mapya. Nimeibana nyuma ya mawe, na juu ya jiwe moja nimefunga mmea uitwao Anubias kwa uzi, maana shina lake ukilifukia linaoza. Zaidi ya hapo sitaki.

Upande wa kulia niliacha mchanga mtupu na makombe kumi ya konokono wa ziwani, Neothauma, kwa ajili ya Lamprologus ocellatus, samaki mdogo wa kidole kimoja anayeishi ndani ya kombe. Niliyapanga kwa nusu saa, narudi nyuma, natazama, nasogeza. Yeye alifika Jumamosi, na kufikia Jumatatu alikuwa amefukia matatu na kuacha midomo tu, amejenga kilima cha mchanga mbele ya mawe, na Vallisneria mbili za pembeni ameziondoa njiani. Nilizikuta asubuhi zikielea. Nimezitoa, wala sijazirudisha.