Posa Ilivyovuja Kwenye Valvu

Amplifaya yangu haina kasha la maana. Imekaa kwenye sanduku la mbao lililokuja Kigoma na sabuni, na ubavuni bado linanadi sabuni. Mbele nimetoboa matundu manne: jeki ya gitaa, jeki ya maiki, na volyumu ya kila moja. Ndani ni valvu tupu, zile chupa za kioo za redio za zamani zinazokuza sauti. EL84 inayosukuma spika niliitoa kwenye redio ya babu pamoja na transfoma zake mbili, na ECC83 mbili nilitumiwa kutoka Dar es Salaam zikiwa ndani ya soksi. Watu huniuliza kwa nini nisinunue ya kisasa. Huwa nawajibu kwamba huu ni mji ambao meli yake, Liemba, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa ziwani 1924, na 1927 ikarudi kazini. Hapa kwetu kitu kikizeeka ndiyo kwanza kinaajiriwa.

Sasa, mpiga besi wetu akaposa mtaani kwetu, Mwanga. Binti ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na mama yake ndiye aliyeniita: "Mwanangu, wazee wakishaelewana tu, utupigie vitu viwili vitatu. Na hicho chombo chako kiwe na maiki, mshenga apate kutangaza." Kwa hiyo nilikuwa mtu wa pande zote mbili, cheo ambacho siku ya mahari hakimfai mtu mwenye akili zake.

Amplifaya nikaiweka uani, chini ya mwembe, kando ya viti vya plastiki. Waya wa maiki nikaupitisha dirishani hadi sebuleni, na maiki ikalazwa kwenye stuli karibu na kochi la wageni, juu ya kitambaa cha kufuma. Valvu haziamki papo hapo, kwa hiyo niliwasha mapema. Volyumu ya gitaa niliiacha juu kwa sababu nilikuwa nakaza nyuzi. Ya maiki niliizungusha mpaka sifuri. Nasema sifuri, na mashahidi ninao.

Ndani, upande wa binti wakasoma orodha: mahari milioni nne, mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la bibi, na vingine ambavyo nadhani vilitungwa asubuhi ileile. Mshenga akakohoa kile kikohozi cha washenga, akasema, "Wazee wetu, tunaomba nafasi tutete kidogo." Wenyeji, kwa ustaarabu, wakawaachia wageni sebule. Wakatoka uani. Wakakaa chini ya mwembe.

Spika ikasema, polepole lakini kwa ufasaha: "Milioni nne? Kwani tumekuja kununua mtumbwi na injini yake?"

Mjomba wa binti akageuza shingo. "Hiyo ni Bujumbura?"

"Ndiyo, mjomba," nikajibu haraka. Kwa Kigoma ni jibu linaloingia akilini; redio za ng'ambo hapa huja bila kualikwa.

"Tuanze na milioni moja na laki mbili," Bujumbura ikaendelea. "Tukibanwa sana, mwisho wetu mbili na laki nane. Na yule mbuzi mweusi tusimtaje mpaka wakasirike."

"Bujumbura nao wanaposa leo?" akauliza baba mkubwa.

"Nyamaza, tusikie taarifa," akasema babu, mtu ambaye kwa kawaida ukimsalimia unarudia mara tatu ndiyo akusikie.

Nikarukia volyumu ya maiki. Ilikuwa sifuri. Nikaikaza kuelekea huko chini ya sifuri, kama kupo. Sauti haikutikisika. Nikajaribu ya gitaa: nilipoishusha, na wageni nao wakafifia. Kwa fundi, hiyo ni habari kubwa sana: maana yake sauti ya maiki haipiti kwenye volyumu yake kabisa, imehamia njia ya gitaa. Nilitaka nisimame nipige makofi. Lakini kiganja cha mjomba kilikuwa kimeshanishika mkono.

"Mwanangu," akasema kwa upole wa kutisha, "rudisha ilipokuwa."

Nikarudisha. Ungefanya nini?

Ndipo akasikika baba mdogo wa bwana harusi: "Kilemba cha baba kipo, bahasha ya kaki, mfuko wangu wa kushoto, lakini tuwaambie bado tunatafuta. Shida yangu ni yule shangazi yao mwenye domo. Nani atamnyamazisha?"

Shangazi mwenyewe alikuwa anapita na sinia la migebuka. Akasimama. Akaliweka sinia chini, akavuta kiti, akakaa na miguu akaikunja nne.

Walipoitwa ndani nilibaki peke yangu na spika, kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia yote kwa njia ya valvu.

"Sisi si watu wa tamaa," mjomba akafungua. "Ile milioni nne tumeifuta. Tunaomba mbili na laki nane tu."

Kimya.

"Na yule mbuzi mweusi."

Kimya kile hakikuwa cha kawaida. Nilisikia mpaka ule mngurumo mdogo wa transfoma.

"Na kilemba," akaingia shangazi, "msihangaike kukitafuta. Mfuko wa kushoto, bahasha ya kaki. Kuhusu domo langu tutaongea siku nyingine, leo ni siku ya heri."

Mshenga akanong'ona, na maiki haikumwacha: "Jamani, hawa wameturoga." Baba mdogo yeye alimshuku kijana aliyebeba kreti za soda, kwa sababu ndiye pekee aliyekuwa ametoka kwenda chooni. Wakalipa. Sijawahi kuona posa iliyokwisha upesi vile; hata wali ulikuwa haujaiva. Mpiga besi hajui kilichotokea mpaka leo, na kwa kuwa hasomi kitu chochote kinachozidi mistari mitatu, naandika kwa amani.

Kesho yake nikaibeba kwa mzee wa redio karibu na soko la Mwanga. Nilimsimulia, akacheka hadi akavua miwani, kisha akaivaa na hakucheka tena mpaka mwisho. Kwanza alichomoa umeme na kutoa chaji ya kapasita kubwa, kile kidude kinachotunza umeme, kwa kupitia rezista, kidude cha kuubana umeme, kwa sababu mle ndani hubaki volti zaidi ya 250 zisizo na mzaha hata baada ya kuzima. Akapima ethi ya volyumu ya maiki kwa mita: nzima. Akawasha, akagusagusa nyaya kwa kijiti kikavu cha mbao, akazitenga za maiki na za gitaa. Wapi. Nilihesabu namba moja mpaka tisa kwenye maiki, na spika ikanifuata namba kwa namba.

Akazima, akainama juu ya soketi ya ECC83 ya kwanza. Chupa hiyo moja ina valvu mbili ndani. Nusu niliipa gitaa, nusu maiki. Kathodi, yaani ncha ya valvu inayotoa elektroni, za nusu zote mbili zilikuwa zimeungwa kwenye rezista moja ya omu 820, na sambamba nayo kapasita ya maikrofaradi 25. Si mtindo wa ajabu, watengenezaji wakubwa wameutumia kubana matumizi. Ila hapo kila kitu kinaitegemea ile kapasita: ndiyo inayoipeleka sauti ya kwenye kathodi kwenye ethi ikaishie huko. Hiyo ilitoka kwenye redio ya babu, na ilikuwa imekauka. Kwa hiyo maiki ikisema neno, kathodi inatikisika, nusu ya gitaa inadhani imeletewa wimbo, inaukuza na kuupeleka mbele. Volyumu ya maiki iko mbele ya hapo. Ikifungwa, mambo yameshahama.

"Nyumba mbili, choo kimoja," akasema mzee. "Lazima mjue siri za wenzenu."

Akabana kapasita mpya kwa vibanio juu ya ile mfu, akawasha. Nikahesabu hadi tisa. Spika ikakaa kimya kabisa. Akaamua kuzitenganisha moja kwa moja: kila kathodi na rezista yake ya omu 1,500 na kapasita yake. Alikuwa anapasha moto pasi ya risasi mjomba alipoingia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu." Macho yalikuwa kwenye kapasita iliyokatwa mezani. "Hicho kidude ndicho kilichotuhabarisha?"

"Ndicho."

"Basi msikitupe. Mwezi wa nane tunaenda Kasulu kumposea kijana wetu, na safari hii sisi ndio wageni." Akavuta stuli, akasogea. "Kwa hiyo maiki utaiweka nje, kwenye mwembe. Spika iwe sebuleni."

Nilimtazama fundi anisaidie kukataa. Hata hakuinua kichwa.

"Kuitengeneza ni elfu kumi," akasema. "Kuiharibu tena, elfu thelathini."