Mkanda wa Jey si Kilele cha The Usos

Aprili 2025, Las Vegas, mwanamieleka Jey Uso alimkaba bingwa Gunther mpaka akasalimu amri, akaondoka na mkanda wa dunia wa uzito wa juu. Mitandaoni watu wakashangilia kwamba hatimaye kijana amefika. Mimi naona alishafika miaka miwili kabla, tena usiku ambao alipigwa. Na hakuwa peke yake. Alikuwa na pacha wake, Jimmy, mwenzake katika timu ya The Usos.

Majina yao halisi ni Jonathan na Joshua Fatu, waliozaliwa San Francisco mwaka 1985 katika ukoo wa Wasamoa ambao mieleka kwao ni kazi ya nyumbani. Yokozuna ni wa ukoo huo. Umaga ni baba yao mdogo. Baba yao mzazi ni Rikishi, yule bonge la mtu aliyekuwa akimbana mpinzani kwenye kona na kumkandamizia makalio usoni. Waliokuwa wakiangalia mieleka mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanamkumbuka, hata kama wangependa kusahau.

Vijana waliingia WWE, kampuni kubwa ya mieleka ya Marekani, mwaka 2010. Walipaka rangi nyusoni, wakaingia na ngoma ya vita ya Kisamoa, na Machi 2014 wakachukua mikanda yao ya kwanza kutoka kwa wakongwe New Age Outlaws. Watoto waliwapenda sana. Kusema kweli, mimi walinichosha. Walikuwa wazuri wa kuruka tu, hawana la kusema.

Mwaka 2016 wakabadilika. Wakafuta rangi, wakaacha usteringi, wakawa maadui wenye maneno makali ya mtaani. Hapo ndipo nilipoanza kukaa sawasawa kwenye kiti.

Mieleka ya wawili kwa wawili ina ufundi wake ambao wengi hawaupi heshima. Mmoja anatengwa upande wa wapinzani, anapigwa, anatambaa. Mwenzake yuko kwenye kona ananyoosha mkono, haruhusiwi kuingia mpaka wagusane viganja. Pambano zima linategemea kama wewe mtazamaji unaamini kwamba yule wa kwenye kona anaumia. Kwa wanamieleka wawili waliounganishwa na ofisi mwezi jana, inabidi waigize sana. Kwa hawa pacha hukuhitaji kushawishiwa. Na mateke yao ya pamoja, moja kutoka kushoto na jingine kutoka kulia, yalitua kidevuni kwa wakati mmoja bila hata kutazamana.

Angalia pambano lao na timu pinzani ya The New Day ndani ya kizimba cha Hell in a Cell, Detroit, Oktoba 2017. Walimfunga Xavier Woods pingu kwenye nguzo ya ulingo wakamchapa kwa fimbo, huku mwenzake akijitahidi kumfikia. Tangu siku hiyo sijamsikiliza mtu anayesema mieleka ya timu ni ya kujazia muda.

Wanaompigia debe Jey wa peke yake hunikumbusha 2020: Jimmy aliumia goti, Jey akapewa nafasi dhidi ya Roman Reigns, bingwa wa wakati huo na ndugu wa ukoo wao, naye akang'aa. Ni kweli aling'aa. Lakini Oktoba ile, katika pambano la kulazimishana kukiri umeshindwa, Jey aligoma kukiri pamoja na kipigo chote. Alikiri pale tu Jimmy alipoingia kumkinga naye Reigns akamkaba koo. Hata hadithi ya Jey peke yake ilimhitaji Jimmy ili ituchome.

Kisha wakawa nguzo za The Bloodline, kundi la ukoo lililoongozwa na Reigns. Mikanda ya timu ya SmackDown, kipindi cha WWE cha kila wiki, waliichukua Julai 2021 wakakaa nayo siku 622, wakiipita rekodi ya siku 483 ya New Day hao hao. Katikati yake kukawa na mkasa wa Sami Zayn, mtu wa nje ya ukoo aliyejiunga na kundi hilo: Jey akimkataa kwa miezi, kisha akimkumbatia, kisha akiondoka ulingoni asishiriki kumpiga. Yote hayo yakaishia Aprili 1, 2023 pale Inglewood, California, Zayn na Kevin Owens walipowavua mikanda. Ilikuwa mara ya kwanza kwa pambano la mikanda ya timu kufunga usiku wa WrestleMania, onyesho kubwa kuliko yote la WWE. Uwanja mzima ulilipuka kwa kushindwa kwao. Kazi ya miaka 13 ilifika pale.

Baadaye wakatenganishwa. Agosti 2023 Jimmy akamsaliti ndugu yake, na Aprili 2024 wakakutana Philadelphia, Jey akashinda. Lilipaswa kuwa pambano la maisha yao. Likawa mateke na mateke, hadhira imetulia kama ibadani. Sishangai. Kila mmoja alimjua mwenzake kama mshirika, hawakuwa na chuki ya kutuuzia.

Mtaniambia: mbona watu wanapunga mikono uwanja mzima Jey akiingia? Wanapunga, na raha yake naiona. Lakini tangu apewe mkanda wa dunia mpaka Gunther anaurudisha Juni 2025 haikufika hata miezi miwili, na sikumbuki pambano moja la kipindi hicho ambalo ningemshikia mtu mkono alitazame. La Detroit 2017 namwonyesha yeyote, hata asiyejua mieleka kabisa.

Linaloniudhi zaidi ni Jimmy kuitwa yule mwingine. Katika siku zile 622 hakukuwa na mwingine.