Fedha ya Soksi na Tope la Shambani

Kwetu Lamu fedha hufuliwa na sonara akaifanya pete. Huku Uingereza nimeifua mwenyewe kwa sabuni. Nilinunua soksi ambazo karatasi yake ilieleza kuwa uzi umetiwa chembe za fedha ili miguu isinuke. Kweli hazikunuka, kwani chembe hizo huua bakteria, ila kila nilipozifua baadhi zilitoka na povu zikaingia bombani.

Jamaa zangu nyumbani hudhani kwamba maji taka ya Ulaya yakishaingia bombani habari yake imekwisha. Mtambo husafisha maji, lakini uchafu hutuama ukawa tope, na chembe za nano, ambazo ukubwa wake hauzidi sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, nyingi hunasa humo. Tope hilo huchachushwa, kisha huku Uingereza sehemu kubwa hupelekwa mashambani kuwa mbolea. Nimesimama kando ya shamba la ngano lililokwisha kuvunwa, trekta likilimwaga, jeusi na zito, shakwe wakilifuata nyuma kama wafuatavyo mashua ya wavuvi.

Nisiwe mwenye kuzidisha: mkulima hupata nitrojeni na fosforasi, na fedha nyingi hugeuka mtamboni kuwa salfaidi, yaani fedha iliyoungana na salfa, ambayo haiyeyuki kwa urahisi, hivyo sumu yake hupungua. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha mwaka 2013 jaribio ambalo udongo uliotiwa tope lenye kiasi kidogo cha chembe za fedha ulipoteza takriban theluthi ya uzito wa vijidudu vyake, ukilinganishwa na uliotiwa tope tupu, na gesi ya nitrasi oksaidi, ambayo huongeza joto la dunia, ilipanda zaidi ya mara nne. Kanuni za Uingereza za mwaka 1989 huweka mipaka ya zinki, shaba, risasi na metali nyingine kadhaa. Fedha haimo, wala udogo wa chembe hauulizwi. Uswisi iliamua kuacha kabisa kumwaga tope mashambani.

Sisemi kwamba kwetu ni bora. Mji wenye choo cha shimo na kisima ndani ya kiambaza kimoja, na mtaro wa maji ya kuogea ukipita mlangoni kuelekea baharini, hauna la kujivunia mbele ya kipindupindu. Lakini bidhaa za nano zimekwisha kufika, kuanzia mafuta ya wageni ya kujikinga na jua hadi rangi za kuta, na siku tutakapochorewa mtambo wa maji taka, naona swali la kwanza liwe tope litapelekwa wapi, kabla halijafika mashamba ya Hindi, kule Lamu bara, likiitwa mbolea ya bure.

Mpwa wangu, mcheza mpira, ameniagiza soksi zisizonuka. Nimemnunulia za pamba.