Lyster na opera ya Australia: kwani kuwa mfanyabiashara ni kosa?

Kuna hukumu moja inarudiwa sana juu ya William Saurin Lyster, yule Mwairishi aliyeendesha opera Australia kuanzia 1861 mpaka alipofariki Melbourne Novemba 1880. Wanasema jamaa alikuwa promota tu, alishusha muziki wa Ulaya kama unavyoshusha majora ya vitambaa bandarini, akauza, akala faida, na baada yake hakukubaki kitu. Kiukweli nusu ya hukumu hiyo siipingi, ila ile nusu nyingine naona watu wanaitamka bila kupiga hesabu.

Ya kweli kwanza. Lyster hakuwa msanii mkubwa. Kampuni aliyotoka nayo San Francisco ilikuwa ndogo, mastaa wake walikuwa soprano (mwimbaji wa kike wa sauti ya juu) Mmarekani Lucy Escott na tenori (mwanaume wa sauti ya juu) Henry Squires, na ndugu yake Fred naye alikuwemo, wengine wengi ikabidi watafutwe hukohuko. Walifungua Theatre Royal ya Melbourne tarehe 25 Machi 1861 kwa opera ya Lucia di Lammermoor, halafu wakaingia kwenye mtindo wa kubadilisha opera karibu kila usiku, leo hii kesho ile, wakimaliza mji wanahamia mwingine, Sydney, miji ya machimbo ya dhahabu, hadi Dunedin kule New Zealand. Kwa ratiba hiyo usitegemee kila kitu kiwe safi. Mtu aliyezoea kuona Paris au Milano angetoka pale analalamika, na alikuwa na haki.

Sasa hesabu. L'Africaine, opera ya mtunzi Meyerbeer, ilioneshwa mara ya kwanza kabisa duniani pale Paris, Aprili 1865. Mwaka uliofuata, 1866, Lyster kashaiweka jukwaani Australia. Mwaka mmoja tu! Watu wanaisoma tarehe hiyo wanapita nayo, mimi huwa inanikwamisha, maana telegrafu ya kuiunganisha Australia na Ulaya ilikuja 1872. Kwa hiyo hapo katikati kila kitu ni barua na meli, miezi kwenda, miezi kurudi, usikie kwanza kwamba kuna opera mpya, uagize muziki wake, ukifika uanze kunakili kurasa za kila mpiga ala mmojammoja kwa mkono, waimbaji wakariri, mafundi wachore mapazia na kushona nguo za watu jukwaa zima, na muda wote huo kampuni ileile usiku inaimba opera nyingine kwa sababu bila tiketi za leo hakuna mishahara ya Jumamosi. Na haikuwa bahati ya mara moja. Aida ya Verdi ilifika London 1876, Melbourne ikaipata 1877. Lohengrin ya Wagner ilisikika London Mei 1875, Melbourne 18 Agosti 1877.

Na alikuwa anamuuzia nani? Koloni zima la Victoria, ambalo mji wake mkuu ni Melbourne, mwaka 1861 lilikuwa na watu kama 540,000, yaani pungufu ya jiji la Dodoma la leo, tena Melbourne yenyewe kama mji wa walowezi ilikuwa na umri wa miaka 26. Ruzuku ya serikali hakuna. Nyumba za opera za Ulaya tunazomlinganisha nazo nyingi zilikuwa na mfalme au serikali nyuma yake, huyu nyuma yake alikuwa na dirisha la tiketi basi.

Ndiyo maana nikisikia mtu anamlaumu kwa kuweka zile opera nyepesi za kuchekesha, za akina Offenbach, nashindwa kuelewa alitaka afanyeje. Lyster alijua opera kubwa inakula hela, kwa hiyo vichekesho na maigizo vilikuwa vinalipia hasara ya Meyerbeer na Verdi. Mpenzi wa Lohengrin aliyevidharau vile vichekesho alikuwa amekalia kiti kilicholipiwa navyo. Na angetaka faida tu, si angebaki na vichekesho peke yake? Mwaka 1868 aliipeleka kampuni San Francisco, ikaanguka vibaya na ikavunjika. Mfanyabiashara mwenye akili timamu hapo anahama fani. Yeye akaenda kuleta waimbaji wa Kitaliano Australia.

Kwenye lugha lakini wakosoaji wana pointi nzito kuliko wanavyoitumia. Kampuni ya kwanza ilikuwa inaimba zaidi kwa Kiingereza, mtu wa kawaida anaelewa kinachoendelea. Miaka ya 70 mambo yakageukia Kitaliano, kiasi kwamba Lohengrin, opera ya Mjerumani, ikaimbwa kwa Kitaliano mbele ya watu wanaoongea Kiingereza. Emil Sander, mkazi wa Melbourne, alimwandikia Wagner kumpa habari za mafanikio yale, na Wagner akajibu Oktoba 1877 kwamba anatamani kazi zake huko ziimbwe kwa Kiingereza, ndipo wasikilizaji watazielewa kwa undani. Mtunzi mwenyewe kasema. Utetezi uliopo ni kwamba hata London walikuwa wameisikia kwa Kitaliano, ambao ni utetezi dhaifu, naukiri hivyohivyo.

Hili la kwamba hakuacha kitu ndilo nalikataa kabisa. Ni kweli hakuacha taasisi, na baada yake promota mwingine, J. C. Williamson, akaja na opera za kuchekesha za Waingereza Gilbert na Sullivan, opera kubwa ikarudi kuwa mgeni wa kupita. Lakini waangalie watu. Alberto Zelman, mwanamuziki wa Trieste, alifika Australia 1871 na msafara wa Wataliano uliotokea India, akapata kazi ya kuongoza okestra kwenye kampuni za Lyster, akahamia Melbourne moja kwa moja. Mtoto wake, Alberto mdogo, ndiye aliyeongoza onyesho la kwanza la okestra iliyokuja kuwa Melbourne Symphony, Desemba 1906. Nellie Melba, mwimbaji maarufu wa opera aliyezaliwa Melbourne miezi miwili tu baada ya ile Lucia, alifundishwa kuimba na Pietro Cecchi, Mtaliano mwingine aliyeletwa na misafara ya opera akalowea. Simpi Lyster sifa za Melba, ila bila soko lililojengwa na watu kama yeye, mwalimu wa namna ile angebaki Melbourne kula nini?

Halafu kuna shtaka la ukoloni. Kumbi zile zilisimama kwenye ardhi ya Wakulin, wenyeji wa asili wa eneo lile, waliokuwa wameshaondolewa, na opera ilikuwa njia ya walowezi kujihakikishia kwamba pale ni Ulaya. Hapo mtu anaweza kusema Lyster aliukuta mji hivyo, na mimi nusura niseme. Tatizo ni maisha yake kabla ya opera. Alienda Calcutta, India, kujaribu kilimo cha nili, mmea wa kutengenezea rangi ya buluu, akapigana vita vya mpakani Afrika Kusini upande wa Waingereza, na 1855 akajiunga na William Walker, yule Mmarekani aliyevamia Nicaragua na mwaka uliofuata akarudisha utumwa uliokuwa umefutwa. Hakuna aliyemlazimisha kwenda Nicaragua. Wanaomsifia huwa wanaiandika kama hadithi ya ujana mchangamfu, sentensi moja wanapita, na hapo mimi siwafuati.