Lango la Thames lifungwe kwa mvua au kwa bahari?

Majira ya baridi ya 2013 hadi 2014, lango la kuzuia mafuriko kwenye mto Thames pale Woolwich, mashariki mwa London, lilifungwa mara 50. Hesabu hiyo ndiyo inayonikosesha raha. Miaka yote ya 1980 lilifungwa mara 4 tu. Ya 1990, mara 35. Tena kati ya zile 50, zilizoletwa na bahari ni 9. Zilizobaki 41 zilikuwa za mvua.

Lango hili lilijengwa baada ya maafa ya 1953, pale dhoruba ya Bahari ya Kaskazini ilipoangukia kwenye bamvua, maji ya bahari yanapojaa kuliko kawaida, na watu 307 wakafa mashariki mwa Uingereza. Siku za kawaida milango yake mikubwa imelala chini kabisa mtoni, vyombo vinapita juu. Bahari ikitishia kufura, mashine huizungusha ikasimama ukuta wa chuma.

Wakazi wa Richmond na Teddington, upande wa juu wa mto, wana hoja yao. Mvua ikizidi, lango likifungwa maji yakishapwa tu, bahari haiingii, na mto unapata nafasi ya kumwaga maji yake. Jambo hilo linafanya kazi kweli, na mtu ambaye sebule yake imewahi kujaa tope ana haki ya kulidai.

Ila wahandisi wanaotaka lango lipunguziwe kazi ya mvua wanasingiziwa kwamba hawawajali watu hao. Mimi naona wao ndio wanaotazama mbali. Mlango ulio kazini haufanyiwi matengenezo. Kila usiku wa mvua unakula siku za mafundi, na chuma kinazidi kuchoka. Mafuriko ya mvua hupanda taratibu, na nyumba za Richmond zinaweza kujengewa kuta zake. Bahari ikija na dhoruba huja kwa saa chache, na mlango mmoja ukikwama usiku huo, maji yataelekea kwenye mitaa ya bondeni na vituo vya treni za chini ya ardhi.

Kwa hiyo kuta za Richmond zitangulie, zilipiwe na serikali, ndipo wakazi waambiwe lango halitafungwa tena kwa ajili ya mvua. Mipango iliyopo inalitegemea lango hilihili, lililoanza kazi 1982, mpaka 2070.