Zamu Tatu za Kate, Malipo Nusu Debe

Mlinzi wa usiku akisinzia dakika tano, bosi atapita katika hizo hizo tano. Akikesha mpaka macho yawe pilipili, hapiti mtu. Ndiyo maana inaniuma watu wakisimulia habari za Kate Mbangua Njugu, yule wa hadithi ya kale ya visiwa vya Orkney kule kaskazini mwa Uskoti, wakaishia kusema "alikuwa jasiri". Jasiri! Sifa ya bure, hailipiwi. Kate alikesha zamu tatu, na kila zamu alipandisha dau.

Balaa lilianzia jikoni. Mfalme ana binti yake, Anne. Malkia ana wake, Kate. (Orkney walikuwa wakiwaita wote wawili Kate, hebu ita mmoja uani uone. Anne ni wa Joseph Jacobs, aliyeiandika upya mwaka 1890, kisha akaichomeka kwenye mkusanyo wa hadithi za Kiingereza. Mskoti alie kwa nani?) Anne ni mzuri zaidi, malkia roho inamuuma. Anamtuma kwa mama mmoja mfuga kuku, ambaye kuku ni kisingizio tu, akafunue jungu. Sharti la dawa ya kumharibu uso: binti aende na njaa.

Asubuhi ya kwanza Anne akanyofoa kipande cha mkate akitoka. Dawa ikagoma. Ya pili akakuta watu wanachuma njegere kando ya njia, akawasalimia vizuri, akachukua konzi moja akatafuna. Ikagoma tena. Ya tatu malkia akamsindikiza mwenyewe, kama mzazi anayempeleka mtoto kutolewa damu. Mfuniko juu, kichwa chake kikaruka, cha kondoo kikakaa shingoni. Halafu mtu anaulizwa kwa nini amechelewa kazini kwa sababu ya chapati mbili!

Kate akamfunika dadaye kichwa kwa kitambaa cha kitani, akamshika mkono, wakaondoka. Wakafika kwa mfalme mwingine mwenye mtoto mgonjwa. Kazi ipo: kukesha na mgonjwa. Malipo peki moja ya fedha, yaani galoni 2, nusu debe. Nono, eh? Sasa sikia lililofichwa chini: kila aliyekesha kabla yake hakuonekana tena. Matangazo ya kazi ya namna hiyo mnayajua, wanaandika "awe tayari kufanya kazi katika mazingira magumu".

Saa sita usiku mgonjwa anainuka, anavaa, anatandika farasi, anaita mbwa. Kate akarukia nyuma, mishikaki kabisa. Wakipita msituni anachuma njugu mitini, si karanga hizi za kuchimbwa, anajaza aproni. (Orkney upepo hauachi miti mingi ikasimama, lakini hadithi ina msitu, tuiache.) Wakafika kwenye kilima cha kijani. Mwana wa mfalme: "Funguka, kilima, aingie mwana wa mfalme na farasi wake na mbwa wake." Kate akadakia: "Na bibie aliye nyuma yake." Ndani ni ngoma ya vibwengo. Mgonjwa anacheza mpaka anadondoka, wanampepea, anainuka, anacheza tena, hadi jogoo awike. Mchana watu wanashangaa kakondea nini. Jamani, lazima akonde!

Asubuhi Kate yuko kando ya moto anabangua njugu. Mgonjwa vipi? "Kalala vizuri." Na leo usiku? Peki ya dhahabu, la sivyo tafuteni mwingine. Siri hakuitoa, na alifanya la maana: angeitoa, kazi ingeishia hapo na dada bado ana pembe.

Usiku wa pili ndipo njugu zilipopata ajira. Mtoto wa vibwengo anachezea kifimbo, na Kate, nyuma ya mlango, anasikia kwamba mapigo matatu ya kile kifimbo yangemrudishia dadaye uzuri. Kupokonya hawezi, watamwona. Akabingirisha njugu, moja, nyingine, mtoto akazikimbilia na kifimbo akakitupa. Kate akakiokota, akamgusa nacho dadaye mara tatu, kichwa cha kondoo kwaheri. Angezimwaga zote kwa mkupuo, mtoto angekaa palepale juu ya lundo na kifimbo chake mkononi. Aliyewahi kuitoa simu mikononi mwa mtoto wa miaka miwili haelezwi mara mbili.

Usiku wa tatu dau likawa ndoa na mgonjwa mwenyewe. Safari hii mtoto ana kindege, na dawa ni matonge matatu ya nyama yake. Njugu tena. Kurudi tu, Kate akanyonyoa, akabandika. Harufu ikampata mgonjwa, akaomba kuonja. Tonge la kwanza akaegemea kiwiko. La pili akakaa. La tatu akavaa, akaja kando ya moto. Watu walipoingia waliwakuta wote wawili wanabangua njugu.

Kaka wa huyo mgonjwa, yule mzima, akamwoa Anne, mwenye uso wake sasa. Sawa, hongera. Lakini yule mama mfuga kuku hakuitwa popote, hata barua ya onyo hakuna, na jungu lake bado liko mekoni, limefunikwa.